Bado Nakimbia

Mwezi uliopita nilikwenda Nachingwea kumwona baba. Siku hizi nafundisha shule ya msingi huko Chunyu, upande wa Ruangwa, na kila nikipata nafasi nampelekea dawa zake za presha na mbaazi kavu, maana za sokoni anasema haziivi. Niliposhuka kwenye gari nikaenda kijiweni kutafuta bodaboda. Nikawakuta vijana wameinamia simu moja, pikipiki zimeegeshwa, hata mteja hawamwoni. Ndipo nikasikia ule mlio. Mpira unagonga ukuta wa mabati, unarudi, unagonga tena, na katikati yake watu wanashangilia kwa lugha nisiyoijua.

"Mnacheza nini?" nikauliza.

"Mpira wa mtaani, madam. Ule wa zamani, siku hizi upo mpaka kwenye simu. Jaribu na wewe!" Mmoja akanisogezea.

Niliipokea, nikaitazama, nikamrudishia. Kijana alicheka, akadhani naogopa kuiangusha. Nikamwambia anipeleke nyumbani. Ngoja nikusimulie wewe, rafiki yangu, kwa sababu yeye sikumsimulia.

Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, mimi na kaka. Tuliishi nyuma ya soko, kwenye zile nyumba za zamani walizoziacha wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, madirisha mapana, mabati yamegeuka rangi ya udongo. Msimu wa korosho mtaa mzima ulinuka mabibo yaliyoiva kupita kiasi, utamu uliokaribia uchachu, na moshi wa maganda ya korosho ukikuingia machoni unatoa machozi bila msiba. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kuchota maji bombani, na kumjazia kaka chupa yake. Chupa ile ilikuwa amri. Kaka hakutakiwa kukaa na kiu hata kidogo.

Alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Wakati ule sisi hatukuuita kwa jina hilo, nyumbani tulisema tu "miguu imeanza." Miguu ikianza, mama aliweka sufuria la maji jikoni na kumkanda kwa kitambaa, na kaka aliuma kona ya shuka ili majirani wasisikie. Ikizidi, bibi alikuja kutoka kijijini Kiegei na kapu la ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, akakaa kitandani kwake akimmenyea mmoja mmoja na kumwongelesha Kimwera, lugha ambayo sisi watoto wa mjini tuliielewa nusu. Macho ya kaka yalikuwa ya manjano mwaka mzima. Majirani walikuwa na maelezo yao kuhusu mtoto yule na nani aliyemfanya hivyo. Sitayarudia.

Sasa, baba. Mchana baba alipima korosho kwenye ghala la ushirika, jioni alifundisha mpira. Mji mzima ulimwita Kocha, hata masheikh. Ujana wake alikuwa winga wa kulia, na wazee wa sokoni walikuwa bado wanasimulia mbio zake kana kwamba walizikimbia wao. Mama alitwambia kwamba kaka alipokuwa bado tumboni, baba alikwishanunua jezi ndogo ya mtoto. Unaweza kufikiria mwenyewe mtu kama huyo kupewa mtoto wa kiume asiyeruhusiwa kukimbia.

Baba hakuwa mkali kwa kaka. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa hamtazami. Jioni kaka alikaa pembeni ya uwanja na sweta lake hata kwenye joto, akiwaangalia watoto wa watu wakifundishwa na baba yake. Baba aliita majina ya wote, aliwashika mabega, aliwaonyesha jinsi ya kugeuka na mpira. Mazoezi yakiisha alipita mbele yetu akisema, "Haya, nyumbani," huku anaangalia baiskeli yake.

Kibanda cha gemu kilifunguliwa mwaka ambao mimi niliingia darasa la nne. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja mrefu, mtu wa Ruangwa, aliyeletewa mashine na mumewe aliyekuwa akifanya kazi Mtwara. Mume aliacha mashine na televisheni ya chogo, akarudi Mtwara, na baada ya hapo hatukumwona tena. Sisi tulimwita Mama Gemu, naye aliitika. Mlangoni alitundika khanga iliyopauka badala ya pazia. Ndani palikuwa na mabenchi, giza, harufu ya jasho la watoto na ya visheti alivyokaanga hapo nje. Kona moja ya televisheni rangi zote ziligeuka zambarau, kwa hiyo mchezaji akikimbilia kona ile awe mweusi, mweupe au mwekundu, aligeuka zambarau, kisha akatoka na rangi yake. "Viatu nje, matusi nje," ndiyo ilikuwa salamu yake. Adhana ikilia alizima. Jumapili watoto wa Kikristo walikuja baada ya misa na nguo zao nzuri, wakazikunjia chini ya mapaja zisichafuke.

Alikuwa na CD za mpira wa kawaida, wenye refa na jukwaa na nyasi. Lakini iliyogombaniwa ilikuwa ile ya mpira wa mtaani. Huko hakuna refa, hakuna kuotea, mpira hautoki. Wachezaji wachache kila upande, wamevaa fulana za kawaida tu, wanacheza kwenye uwanja wa saruji uliozungukwa na mabati, mara bandarini, mara juu ya paa la ghorofa, mara kwenye maegesho ya magari. Unaugonga mpira ukutani, unaupokea upande wa pili umemwacha mtu. Ukifanya madoido, mstari mmoja pale juu unajaa rangi, na ukijaa kabisa unapiga shuti moja ambalo kipa anaruka nalo mpaka wavuni. CD ile ilichunika kwa kuchezwa. Ikikwama Mama Gemu aliipaka dawa ya meno, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaipulizia, na sisi sote tulinyamaza mpaka ikubali.

Mama ndiye aliyeturuhusu. Alisema heri kaka akae kivulini na wenzake kuliko pembeni ya uwanja juani. Mimi nilikuwa mpinzani wake wa kudumu, maana wavulana wengi walichoka kucheza naye haraka. Siyo kwamba alikuwa hajui. Alikuwa anajua kuliko wote. Ila kaka alikuwa hapigi goli.

Alichukua timu ile ile kila siku, na ndani yake mchezaji yule yule, mrefu mmoja mwenye kofia ya sufi. Akipata mpira alibonyeza kitufe cha kukimbia na kukimbia. Alikimbia pembezoni mwa ukuta, akageuka kona ya zambarau, akarudi, akampitisha mtu mpira katikati ya miguu, akakimbia tena. Mstari ulijaa pale juu ukawa unawakawaka, na wavulana nyuma yetu walipiga kelele, "Piga basi! Umejaa! Piga!"

"Subiri," alisema kaka, uso umemsogelea kioo. "Bado nakimbia."

Muda uliisha bila bila, wakamtukana kimya kimya kwa sababu ya sheria za Mama Gemu, na yeye akaweka pedi ya kuchezea chini akiwa anahema. Nakuapia alikuwa anahema. Paji la uso lilikuwa limelowa.

Kisha miguu ilianza tena, vibaya, na tukampeleka hospitali ya misheni akaongezwa damu. Aliporudi baba alikuwa ameshafanya uamuzi. Alisema ni kile kibanda. Kukaa kwenye hewa nzito, kusahau kunywa maji, kupigana na mashine. "Gemu ndiyo inamla," alisema. Kaka akakatazwa. Hakulia wala hakugomba. Alianza tu kulala mchana, uso ukutani, na chakula alichopelekewa nilikirudisha jikoni kama kilivyo, ugali umeota ngozi, kisamvu kimepoa. Siku moja mama alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mchukue. Baba yenu yupo ghalani mpaka jioni."

Tulikwenda. Na siku hiyo hiyo, labda mtu alimwambia, labda alikuwa anapita tu, baba alikuja.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza, maana nilikuwa nimegeuka kuomba maji. Alisogeza ile khanga, akasimama na vumbi la magunia kwenye nywele na shati. Watoto waliokuwa karibu na mlango walichomoka mmoja mmoja kama kuku. Kaka alikuwa amempa mgongo. Alikuwa na mpira.

Mama Gemu alinyanyuka kutoka kwenye jiko lake la visheti, akaingia nyuma ya baba. "Shikamoo Kocha," alisema, ingawa walikuwa karibu umri mmoja. "Najua umemfuata. Mtoto ni wako, mchukue. Lakini kaa kwanza. Mtazame, halafu mchukue."

Nilidhani baba atamsukuma. Akakaa. Alikaa kwenye ncha ya benchi, miguu imekunjwa, mtu mzima kwenye benchi la watoto, na akatazama. Yule mrefu wa kofia ya sufi alikuwa anakimbia pembeni ya mabati. Akapitisha mpira ukutani, akamwacha mtu, akageuka, akakimbia. Mimi niliacha kucheza kabisa, pedi imelala mapajani, na kaka wala hakugundua kwamba hakuna anayemzuia. Alikimbia upande huu, akakimbia upande ule. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mabega yake yalikuwa yanageuka pamoja na mchezaji.

Baba aliinuka akatoka. Nilimsikia akipenga kamasi huko nje.

Jioni tulikaa kula. Mama alikuwa anasubiri ugomvi, nami nilikuwa nimeshaandaa majibu. Baba akanawa mikono, akauliza, huku anaangalia bakuli, "Yule mrefu, winga wa kulia. Anaitwa nani?"

Kaka alishtuka. Akanitazama mimi, akamtazama mama.

"Hana jina, baba," alisema. "Yule ni mimi."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Akamega ugali, akaushika bila kuula. "Anachelewa kugeuka," akasema mwishowe. "Akifika kona avunje hatua, apunguze mwendo ghafla. Mabeki watamkamata siku moja."

"Hawajamkamata bado," alisema kaka.

Na baba akacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka kwa jambo la kaka kabla ya siku ile.

Kuanzia hapo ilikuwa baba mwenyewe anampakia kwenye baiskeli, chupa ya maji imening'inia kwenye usukani, wanakwenda kibandani Jumamosi baada ya ghala kufungwa. Alijifunza kucheza. Alikuwa mbovu, rafiki yangu, mbovu wa kutia huruma. Vidole vile vya kufunga magunia vilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mchezaji wake alijigonga ukutani akabaki anakimbia hapo hapo, na watoto wa kibanda waligaragara kwa kicheko mbele ya Kocha. Kaka alimshika kidole akamwonyesha: hiki ni kukimbia, hiki ni pasi. Wakirudi nyumbani walibishana kuhusu mechi mpaka mama akawafukuza jikoni. Msimu ule wa korosho ulikuwa mzuri, mama alishona mapazia, bibi aliletewa mabati ya kuezekea kule Kiegei. Nikiutafuta utoto wangu ni miezi ile tu ninayoikuta. Kabla yake na baada yake sioni kitu.

Mama Gemu alikuwa na mdogo wake Ruangwa, naye alikuwa na kibanda kama chake. Watoto wa huko walikuwa wametuma salamu za kejeli kwamba wa Nachingwea hatujui kitu. Ikapangwa twende likizo ya Desemba. Kaka hakulala kwa furaha. Alikuwa hajawahi kusafiri isipokuwa kwenda hospitali. Mama hakutaka. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, mvua za kwanza zilikwishapiga vijijini. "Akilowa?" aliuliza. Baba alimwambia ameongea na dereva mmoja wa pikapu anayepeleka bidhaa, watoto watakaa vizuri, watarudi mapema. "Nitakuwa naye mimi," alisema. "Mwache aende aone uwanja wa ugenini."

Ruangwa tulipokelewa kwa chai na mihogo ya kukaanga. Kibanda kilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya dirisha. Kaka alicheza na mvulana mmoja mwenye maneno mengi, na ndani ya muda mfupi maneno yakamwishia, maana alikuwa hauoni mpira. Kaka alikimbia naye, akamzungusha, akamrudisha. Mstari ulijaa ukaanza kuwakawaka. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, na safari hii ni yeye aliyesema, kwa sauti ya uwanjani, "Vunja hatua! Vunja! Haya, sasa, piga!"

Umeme ukakatika.

Umewahi kuwa kibandani umeme ukikatika? Kioo kinajikunja kuwa nukta moja nyeupe, kisha nukta inazimika, na chumba kizima kinaguna. Tulisubiri. Watoto wa Ruangwa walitoka nje kucheza, wakarudi kuuliza, wakatoka. Kaka hakuiachia pedi. Dereva alikuja kusema anaondoka, baba akamwomba kidogo, akaja tena, baba akamwomba tena. Mlangoni upepo ulikuwa umeanza kupeperusha mchanga. Umeme haukurudi. Tulipopanda gari jua lilikuwa limekwisha kufunikwa.

Mvua ilitukuta njiani. Mbele palikuwa na nafasi moja tu, na tayari alikuwepo mama mjamzito. Mimi nikabanwa naye kwa sababu ya udogo wangu. Kaka alikataa kubanana, akasema anataka kukaa nyuma na baba na wavulana wenzake. Walikuwa wamejifunika turubai. Gari lilikwama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, turubai likapaa na upepo. Tulipofika Nachingwea baba alimshusha kaka akiwa amevua shati lake mwenyewe na kumfunika nalo, na kaka alikuwa anatetemeka, meno yanagongana.

Miguu ilianza kabla hajamaliza uji. Safari hii maumivu yalipanda mpaka kifuani. Hospitali ya misheni walimwekea hewa na dripu, na mama alikaa naye kitandani, baba alikaa koridoni kwenye saruji. Alikuwa haingii. Mama alinituma nimwite, akasema anakuja, hakuja mpaka daktari alipomwita. Kaka alifariki asubuhi, wakati wagonjwa wengine wanagawiwa chai. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, na udongo mwekundu uliolowa uliganda kwenye viatu vya watu wote. Watoto wa kibanda walikuja wote, wa Kiislamu na wa Kikristo, wakasimama nje ya uzio na nguo za Jumapili.

Matangani mama alisema neno moja tu. Alimtazama baba katikati ya watu, bila hasira yoyote usoni, akasema, "Mvua uliiona, baba watoto." Basi. Sijamsikia akilirudia hata mara moja. Lakini alipokwenda Kiegei kumsaidia bibi kupalilia, palizi ilikwisha naye hakurudi. Hawakuachana. Anakuja sikukuu, anapika, anafua mapazia, anarudi kwake shambani.

Baba hakurudi uwanjani. Vijana walikuja kumwita jioni baada ya jioni, akawaambia kupitia dirishani watafute mwingine. Mama Gemu aliendelea kidogo, ila CD ile aliiondoa na hakuna mtoto aliyeiulizia. Baadaye naye alifunga akarudi kwao. Nilipopangiwa kazi Ruangwa nilimkuta sokoni anauza samaki wakavu. Tulishikana mikono kwa muda, tukaongea kuhusu bei ya ufuta, akaniongezea samaki nisiyemlipia. Kibanda chake cha Nachingwea kilivunjwa wakati wa kuchimba mitaro ya barabara. Pale sasa kuna mtu anauza vocha chini ya mwavuli.

Siku ile niliyotoka kijiweni nilimkuta baba barazani anachambua mbaazi za safari iliyopita. Nikampa dawa, nikamwandalia chakula. Sikujua kama nitasema, ila nikasema. Nilimwambia ule mchezo bado upo, vijana wanaucheza kwenye simu.

Aliendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia, sikio moja siku hizi ni zito.

"Pale nyuma ya gari," alisema baadaye, "alikuwa amelala mapajani kwangu. Nikamuuliza, unasikiaje? Akaniambia, baba, leo miguu inauma kama ya mtu aliyecheza."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia, wala sidhani kama alimwambia mama. Aliniinulia uso, na macho yake yalikuwa na hofu ya mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamjua," alisema. "Pale alikuwa analalamika, au alikuwa amefurahi?"

Nilimtazama yule mzee, mabega yameshuka, ungo mapajani. Nikamwambia alifurahi. Nilisema haraka, kama mwalimu anayemjibu mtoto. Baba aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akainuka polepole kwenda kutawadha, na mimi nikabaki na ungo.

Mengi ya wakati ule yamekwenda, na mengi sikuyalilia. Kibanda, televisheni ya chogo, nyumba iliyokuwa na mama ndani yake, mtu huzoea. Lakini swali la baba lina mtu mmoja tu wa kulijibu, naye yuko kule makaburini nyuma ya msikiti, na kila mvua za kwanza zikipiga huku Chunyu, watoto wa darasani kwangu wakikimbilia nje kulowa, mimi hujikuta nimesimama mlangoni nikiwaita warudi ndani, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.